Taya Langu na Vitabu vya Mke Wangu

Mtu aliyenivunja taya alinivunja kwa mguu wa ng'ombe. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami siku hizi nawaacha wacheke. Lakini mguu ule ulikuwa mzito kama gogo bichi, kwato bado iko mahali pake, na aliushika kwa mikono miwili.

Ilikuwa asubuhi, machinjioni, wanunuzi hawajafika. Mimi ni mchinjaji, mtoto wa mchinjaji. Familia zetu za Kiislamu hapa Gisenyi, mpakani na Goma, zimeishi kwa biashara na kwa kisu tangu enzi za babu zetu, na marehemu baba aliniachia ufundi wake pamoja na hasira yake. Baba alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mama, alitupiga sisi, siku moja alimpiga hata mteja aliyelalamika kwamba nyama ina mifupa mingi. Nilikua nikidhani kupiga ni lugha mojawapo, kama Kinyarwanda na Kiswahili, na kwamba mwanamume asiyeijua atakuwa bubu.

Yule mwenzangu alikuwa mtu wa Cyanzarwe, kule vilimani, mrefu, mnyamavu. Tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega miaka mitatu. Asubuhi ile alitundika paja la ng'ombe kwenye ndoano yangu kwa sababu yake ilikuwa imejaa. Nikamwambia mbele ya watu:

"We, toa iyi nyama yako, ao nitatundika weye mwenyewe."

Hakugeuka. Aliendelea kufuta kisu chake, akasema polepole, "Mi nikuogope? Hata muke yako hakuogopi. Anakuchekaka."

Alisema tu, kama watu wanavyotukanana. Hakujua alichogusa. Siku kama kumi kabla ya hapo nilikuwa nimerudi nyumbani, Nengo tunakoishi, nikamsikia mke wangu anacheka jikoni peke yake. Anacheka hasa, mpaka anakohoa. Niliingia nikamkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kitabu mkononi. Kilikuwa kimojawapo cha vile vitabu vyake vya mapenzi vya kuchekesha, vyembamba, karatasi za kijivu, juu ya jalada kijana anaanguka na baiskeli na msichana ameziba mdomo. Nilimuuliza anamcheka nani. Akasema, "Simcheki mtu, nacheka kitabu." Sikuamini. Nilidhani ananicheka mimi, sijui kwa lipi. Nilimpiga kofi, akaanguka kutoka kwenye kigoda, na kitabu nikakitupa kwenye makaa. Halikuwa kofi la kwanza. Lakini ndilo la kwanza ambalo hakulia. Aliketi pale chini akitazama kitabu chake kinavyoungua, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa hiyo mwenzangu aliposema neno lile, nilimpiga ngumi ya mdomo. Alianguka juu ya lundo la matumbo. Nilimpiga teke la mbavu, la pili, la tatu. Nasikia mpaka leo jinsi pumzi ilivyomtoka. Halafu niligeuka kuchukua kisu mezani. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, ingawa sijui ningekifanyia nini. Nilipogeuka tena alikuwa amesimama na ule mguu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, kama mtu amekanyaga kuni kavu. Kisha nikawa nimepiga magoti kwenye damu ya ng'ombe nikitema ya kwangu, meno mawili yako kwenye kiganja.

Hospitalini daktari alinifunga mdomo kwa waya, meno ya juu na ya chini, wiki sita. Alimwita mke wangu pembeni akampa koleo dogo la kukatia waya. Akamweleza kwamba nikitapika nikiwa nimefungwa hivi, nitapaliwa nife, kwa hiyo lazima mtu awe karibu nami kila saa na akate waya mara moja. Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Alitafuta kamba ya kitambaa, maana yeye ni mshonaji, akalifunga lile koleo akalivaa shingoni. Tangu siku ile pumzi yangu ilikuwa inaning'inia kifuani pake.

Kabla sijatoka hospitalini mdogo wangu alikuja kuniona. Yeye anaendesha pikipiki za abiria, ni mtu wa damu moto kama sisi sote. Alinitazama uso uliovimba, akainama sikioni pangu.

"Grand frère, kaka yangu, sema tu. Yule mutu wa Cyanzarwe, tumufanye?"

Sikuweza kusema. Niliitikia kwa kichwa: ndiyo. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

Nyumbani nilikunywa uji kwa mrija. Simu yangu ilikuwa imevunjika siku ya ugomvi. Marafiki walikuja siku mbili tatu, wakaona kukaa na mtu asiyejibu ni kazi, wakaacha. Mke wangu alikuwa anashona barazani, na mimi nilikuwa nimelala chumbani nikisikiliza cherehani. Ng'ambo ya mpaka vita vilikuwa vimeamka tena wiki zile; mizinga ilikuwa inalia upande wa Goma na vioo vya dirisha vilikuwa vinatetemeka. Nilihesabu milio. Nilipochoka kuhesabu, nilianza kupekua chumba, na chini ya kitanda, ndani ya sanduku la vitambaa, nikakuta vitabu vyake.

Vilikuwa kumi au zaidi. Mke wangu alizaliwa upande wa Bukoba, wazazi wake walikimbilia huko na kurudi miaka mingi baadaye. Kiswahili chake ni safi mno, majirani humwita mwalimu. Dada yake aliyebaki kule humtumia vitabu hivi pamoja na kahawa ya kutafuna. Nilichagua chembamba kuliko vyote, nikijiambia ninataka kuona tu upumbavu unaomchekesha mtu mzima.

Kilikuwa cha fundi wa mafriji aliyempenda binti wa mwenye duka. Kijana anaandika barua ya posa, anampa mjomba wake aipeleke. Mjomba macho hayaoni vizuri na miwani hataki kuvaa kwa sababu ya maringo. Anaingia nyumba ya jirani, anamkabidhi barua bibi mmoja mjane, mwenye wajukuu kumi na tisa. Bibi anaisoma. Anafikiri siku mbili. Kisha anajibu kwa maandishi kwamba amekubali, ila hataki mwanamume anayekoroma.

Niliendelea kusoma. Kijana anakwenda kumweleza bibi kwamba barua ilipotea njia. Bibi anamwekea wali na kuku. Anashindwa kusema, anakula. Anarudi kesho yake, safari hii ameapa; anakuta samaki wa nazi. Anakula. Siku ya tatu bibi amewaita wajukuu wote kumi na tisa waje kumwamkia babu yao mpya, nao wanapanga mstari, mkubwa wao ana ndevu.

Hapo ndipo kilinitoka kicheko. Mtu aliyefungwa waya hawezi kucheka. Kicheko hakina mlango. Kilipanda puani, kikavuta nyaya zote kwa pamoja, maumivu yakanichoma mpaka masikioni, machozi yakatoka, mate yakanitiririka kidevuni, na kadiri nilivyojizuia ndivyo nilivyomwona yule mjukuu mwenye ndevu akisema shikamoo babu. Cherehani ilinyamaza. Mke wangu aliingia mbio, koleo mkononi, akanishika kichwa kwa nguvu.

"Unatapika? Unatapika?"

Nilitikisa kichwa kukataa, nikamwonyesha kitabu. Alitazama ukurasa.

"Umefika kwa bibi?" aliuliza.

Nikaitikia. Akaanza kucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akacheka mpaka akajipiga mapaja, na mimi nacheka kwa pua, nalia kwa uchungu, namshika mkono kumwomba anyamaze. Kisha ghafla alinyamaza kweli. Alijitoa taratibu, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Nilimwona anatazama mikono yangu. Alikuwa amekumbuka kwamba amecheka karibu nami.

Akarudi barazani. Cherehani haikuanza mara moja.

Nilivisoma vyote. Nilisoma vingine mara mbili. Na kila nilichosoma kilinitia wasiwasi ambao sikuuelewa kwanza. Mtu anamwagiwa mchuzi kwenye suti ya harusi ya kaka yake, mimi moyo unadunda. Mtu anagundua kwamba mchumba wake alimdanganya kazi anayofanya, mimi nimekunja ngumi juu ya blanketi. Mtu anachekwa na kijiji kizima. Nilifunua ukurasa nikingojea ngumi, kofi, jiwe, na havikuja. Yule aliyemwagiwa mchuzi alikwenda kujiosha. Aliyedanganywa alinuna wiki mbili. Aliyechekwa, baada ya muda, alicheka naye.

Nilikuwa na daftari la kuandikia ninachotaka. Kurasa zake zote zilikuwa za uji, maji, dawa. Siku moja mchana niliandika, nikampelekea mke wangu barazani: "Mbona humu hakuna mtu anapigwa?"

Alisoma. Aliendelea kulitazama daftari, mguu uko juu ya pedali ya cherehani.

"Ndiyo maana navisoma," alisema. "Unafikiri navisoma kwa sababu ya mapenzi? Mapenzi yapo kila mahali. Nikifungua kitabu kile najua mtu ataaibika, atadanganywa, ataachwa kituo cha basi na maua yake. Lakini najua hakuna atakayeumizwa. Nikifika mwisho wote wana meno yao. Kwa hiyo nacheka bila kutazama mlango." Alikata uzi. "Humu ndani, bwana, mimi hutazama mlango."

Nilirudi chumbani. Ningependa kusema kwamba nililia, lakini nilichohisi kwanza ilikuwa hasira, ile ile ya siku zote, iliyopanda mkononi ikakuta mdomo umefungwa na mwili umekonda. Ilinibidi nikae nayo. Ilikaa mpaka jioni, ikapungua, na chini yake nikakuta aibu.

Kesho yake mdogo wangu alikuja. Aliegesha pikipiki langoni, akaingia bila kubisha, anacheka.

"Tayari, grand frère. Ile kazi imeisha."

Alisimulia amesimama. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake wa pikipiki. Walimvizia yule mtu kwenye njia ya Cyanzarwe akirudi na mbuzi. Wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia mgongoni, wakaweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe. Mdogo wangu alikuwa na nyundo.

"Kidole kwa kidole," alisema, akihesabu kwa vidole vyake mwenyewe. "Alilia kama mutoto. Hatashika kisu tena."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema nilikosea kukubali. Kilichotoka ni "mmm, mmm," na yeye alidhani namshukuru. Akanikumbatia.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. "Toka nyumbani kwangu," alimwambia. Mdogo wangu alinitazama mimi, akingoja niseme. Nilimwonyesha mlango.

Nilichukua daftari nikaandika ukurasa mzima, kisha nikavaa viatu. Mke wangu aliuliza ninakwenda wapi, nikamwonyesha kwa mkono upande wa mashamba. Hakuweza kuniacha niende peke yangu. Lile koleo lilikuwa shingoni pake. Tulipanda pikipiki mbili, akanifuata.

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, katikati ya viazi. Mke wa yule mtu alikuwa analima. Aliponiona hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja, jembe mkononi, akaligeuza akanipiga kwa mpini begani, kisha mgongoni. Nilianguka kwenye matuta. Angenipiga la kichwa kama mke wangu hangeingia katikati na kumshika mikono.

"Mama, mwache, hawezi hata kusema. Amekuja kuomba msamaha. Ameandika."

Yule mtu alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka. Mkono wake ulikuwa umefungwa vitambaa, mkubwa kama mtoto mchanga aliyeviringishwa, na ameuweka mapajani hivyo hivyo, kama mtoto. Nilimpa daftari. Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akalitazama, akampa mke wangu.

"Soma," alisema. "Mi macho inauma."

Mke wangu akasoma, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, akisimama kwenye kila nukta. "Mimi ndiye niliyeanza ugomvi. Nilikupiga wewe kwanza. Ulipokuwa chini niligeuka kutafuta kisu. Hospitalini ndugu yangu aliniuliza kama akufanyie ubaya—" Hapo alisita. Aliinua macho akanitazama. Hakuwa amelijua hili. Alidhani mdogo wangu aliamua mwenyewe. Kisha akaendelea, sauti ile ile. "Aliniuliza kama akufanyie ubaya, nami nikakubali kwa kichwa. Mkono wako umevunjwa na mimi."

Alilifunga daftari. Alivua ile kamba shingoni, akanivalisha mimi, kama anavyomvalisha mteja tepu ya kupimia. Akateremka kilima hadi kwenye pikipiki. Hakugeuka.

Yule mtu alisimama. Alinijia karibu, akainua mkono wake wa kushoto. Niliuona unakuja, nilikuwa na muda wa kutosha wa kuukinga. Sikuukinga. Ulitua pale pale kwenye taya, na dunia yote ikawa nyeupe. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, naye amesimama juu yangu anahema, na mkewe amemshika shati.

"Bon, haya," alisema. "Sasa twende polisi."

Tukaenda, sisi watatu kwa miguu. Mkewe alitembea nyuma yangu na jembe lake.

Mdogo wangu na mwenzake walikamatwa siku ile ile. Niliwaandikia polisi tena kila lililokuwa daftarini, na mahakamani nilisema kwa mdomo wangu, maana waya ulikuwa umeshatolewa. Mimi nilifungwa miezi, wao miaka. Mama alikuja gerezani mara moja tu. Aliniambia kwamba mtoto anayemtia ndugu yake ndani si mtoto wake. Nilimwambia, "Mama, mi ndiye nilimutuma." Akasema anajua, na kwamba hilo halibadilishi kitu. Mpaka leo hatujakaa kula pamoja, na mdogo wangu alipotoka alihamia Kigali bila kuniaga.

Taya liliunga, limepinda kidogo kushoto. Mkono wa yule mtu haukuunga hivyo. Vidole viwili havikunji. Sasa anafanya kazi bandarini Rubona, kwa wavuvi, kazi ya kusimamia na kuhesabu makasha ya samaki. Tunakutana. Tunasalimiana kwa kutikisa vichwa, na salamu zinaishia hapo. Mkewe alichukua nafasi yake ya kuuza nyama sokoni. Meza yake inatazamana na yangu. Hajawahi kunijibu neno. Wateja wake wakizidi na mifupa ikamshinda, huisukuma kwangu, nakata, naisukuma kwake.

Mke wangu alikwenda Bukoba kwa dada yake. Alikaa huko karibu mwaka mzima. Nilimwandikia barua, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuandika, na hakujibu saba za kwanza. Ya nane alijibu kwa mistari minne. Alisema atarudi ajaribu. Alisema nauli ya kurudi Bukoba ataishonea kwenye pindo la kitenge na haitatumika kwa jambo lingine. Sijampiga tangu arudi. Natumia neno "tangu" kwa sababu neno "kamwe" naliogopa. Baba naye alikuwa akiapa kamwe kila baada ya Ramadhani. Zipo siku mkono unaamka kabla yangu. Siku hizo natoka nje nazunguka mtaa mpaka miguu iume.

Alirudi na vitabu vipya, katoni nzima. Wachinjaji wenzangu wanajua, wananiita bibi harusi. Huwa nasoma kwa sauti akishona, natamka maneno vibaya, ananisahihisha. Juzi tulikuwa kwenye kimoja cha msichana anayepaswa kuchagua kati ya daktari wa meno na mwanamume anayefuga sungura na kusahau kila miadi. Nilisema amchukue wa sungura, ana moyo. Mke wangu alisema moyo gani, yule ni mvivu, kesho atamsahau mtoto sokoni. Nilisema daktari anaongea kama anasoma hukumu. Nilipandisha sauti, nami nikajisikia nimeipandisha, nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Alisukuma kitambaa pembeni akaniambia, sauti iko juu kuliko yangu, kwamba sijui lolote kuhusu wanaume. Tukabishana mpaka maharage yakaungua, na aliyekwenda kuyaepua ni mimi, huku yeye bado anasema.